Maumivu ya Kifua Hayasubiri Kukuche

Mazungumzo kuhusu ugonjwa wa mishipa ya moyo, yaliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya wananchi, vikao vya akina mama na mikutano ya vikundi mashinani



Mazungumzo haya yanaanza na mfano. Si habari ya mtu fulani anayejulikana, bali ni jambo linaloweza kutokea katika nyumba yoyote, iwe ufuoni au bara.

Baba mmoja wa miaka 56, fundi wa mashua, aliamka saa nane za usiku. Katikati ya kifua alihisi uzito, kana kwamba mtu amemwekea gunia la mahindi. Kijasho chembamba kilimtoka ilhali feni ilikuwa ikizunguka. Mkono wa kushoto ukawa mzito na taya likamuuma.

"Baba watoto, twende hospitali," mkewe akamwambia.

"Ni asidi tu, mama. Ni zile mbaazi za jioni. Niletee maji ya moto na ile dawa ya tumbo. Kukikucha tutaona."

Kulipokucha alienda kwanza dukani kununua dawa ya kutuliza maumivu. Maumivu hayakuisha. Akapanda bodaboda hadi zahanati, na kutoka hapo akakimbizwa hospitali kubwa. Alifika saa tano za asubuhi. Saa tisa zilikuwa zimepita tangu aamke. Alipona, lakini sehemu ya msuli wa moyo wake ilikuwa imekwisha kufa, na msuli wa moyo ukifa haumei tena. Leo hawezi kusukuma mashua majini bila kusimama njiani kutafuta pumzi.

Kosa lake halikuwa uzembe. Hakujua kwamba maumivu yale yalikuwa ya moyo. Ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Ugonjwa wa mishipa ya moyo hujengeka kwa miaka mingi, lakini huua kwa saa chache. Ile miaka ni ya kuuzuia, na zile saa ni za kuwahi hospitali.

Moyo hulishwa vipi?

Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Hupiga takriban mara 100,000 kila siku, usiku na mchana, kusukuma damu mwilini kote. Lakini moyo nao unahitaji damu ili ufanye kazi hiyo. Damu hiyo huletwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Mishipa hiyo ikiziba, moyo hufa njaa huku ukiwa umejaa damu ndani yake.

Anayetumia maji ya kisima cha chumvi anajua jinsi bomba linavyojaa gamba mwaka baada ya mwaka, mpaka maji yanatoka kidogo kidogo. Mishipa ya moyo nayo husongwa na mafuta kwa namna inayofanana na hiyo. Tofauti ni kwamba gamba la bomba hukaa juu, na mafuta haya hujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, chini ya utando mwembamba.

Mshipa ukisha kuwa mwembamba, mtu huweza kukaa sawa akiwa ameketi, lakini akipanda mlima, akibeba mtungi au akikasirika, kifua hubana. Akipumzika dakika chache, hutulia. Hiyo ni onyo. Moyo unasema kwamba damu inayofika haitoshi kwa kazi unayopewa.

Hatari kubwa huja utando ule unapopasuka. Mwili huona kidonda, nayo damu huganda hapo, kama inavyoganda kwenye kidole kilichokatwa. Bonge hilo la damu huziba mshipa ghafla. Hapo ndipo mshtuko wa moyo hutokea. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa, na kadiri dakika zinavyopita ndivyo inavyokufa zaidi.

Dalili ambazo hazifai kupuuzwa

Wengi hudhani mshtuko wa moyo ni mtu kushika kifua na kuanguka papo hapo. Mara nyingi hauji hivyo. Dalili zake ni hizi:

- Uzito, kubanwa au kukandamizwa katikati ya kifua, kunakozidi dakika chache hata baada ya kupumzika.
- Maumivu yanayosambaa hadi begani, mkononi, shingoni, kwenye taya, mgongoni au juu ya tumbo.
- Kijasho baridi, kichefuchefu, kutapika au kizunguzungu.
- Kukosa pumzi bila sababu inayoeleweka.

Akina mama, wazee na wagonjwa wa kisukari wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Wakati mwingine wao hawapati yale maumivu makali ya kifua. Mama anaweza kuhisi uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu na kukosa pumzi. Mwenye kisukari anaweza asihisi maumivu kabisa kwa sababu ugonjwa huo umeharibu mishipa yake ya fahamu.

Mkanganyiko mkubwa ni ule wa asidi na vidonda vya tumbo. Ni kweli kwamba asidi huchoma kifua. Lakini mtu wa zaidi ya miaka 40, au mwenye presha, kisukari au mazoea ya kuvuta sigara, akipata maumivu mapya ya kifua yenye kijasho, asijiamulie kwamba ni tumbo. Apimwe moyo kwanza. Ikibainika kuwa ni asidi, hakuna aliyepoteza kitu. Ikiwa ni moyo, maisha yameokolewa. Hali kadhalika, anayehisi kwamba ni husuda au jini aende hospitali kwanza, na dua ya familia imsindikize njiani.

La kufanya katika saa ya kwanza

Kwanza, mgonjwa aache kazi yoyote na aketi, mgongo ukiegemea kitu. Asitembezwe wala asiendeshe gari au pikipiki mwenyewe.

Pili, atafutwe usafiri mara moja. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199. Ikiwa gari la wagonjwa litachelewa, gari la jirani au teksi itumike. Familia iulize mapema, kabla ya siku ya shida, ni hospitali gani ya karibu yenye mashine ya kupima umeme wa moyo. Kwenda moja kwa moja huko huokoa muda kuliko kuzunguka vituo vitatu.

Tatu, ikiwa mgonjwa ana fahamu, anaweza kumeza, na hana mzio wa aspirini wala kidonda cha tumbo kinachotoka damu, apewe aspirini ya miligramu 300 na aitafune. Nyumbani aspirini ikiwa ni ya miligramu 75, vidonge vinne hutosha. Aspirini hupunguza kuganda kwa damu. Panadoli haifanyi kazi hiyo, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuudhuru moyo. Lakini mgonjwa aliyepooza upande mmoja, aliyepinda mdomo au anayeshindwa kusema asipewe aspirini, kwa sababu huenda ni kiharusi, na baadhi ya viharusi hutokana na damu kuvuja ubongoni.

Nne, akianguka, asiitike wala asipumue kawaida, moyo wake huenda umesimama. Mtu mmoja apige simu ya msaada na mwingine aanze kumkandamiza kifua. Mikono miwili iwekwe katikati ya kifua, isukumwe kwa nguvu hadi kifua kishuke karibu sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Asiyewahi kufundishwa pia afanye hivyo. Kukaa na kutazama ni vibaya zaidi.

Lingine ambalo kila familia inapaswa kulijua ni haki yake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mambo ya malipo yatazungumzwa, lakini mgonjwa wa dharura huhudumiwa kwanza.

Hospitalini kuna nini?

Mgonjwa hupimwa umeme wa moyo kwa nyaya zinazobandikwa kifuani. Kipimo hicho hakiumi na huchukua dakika chache tu. Damu pia hupimwa ili kuona kama msuli wa moyo umeumia. Wakati mwingine kipimo cha kwanza huonekana sawa, hivyo daktari akisema kirudiwe baada ya saa kadhaa, mgonjwa asikimbilie nyumbani.

Ikithibitika kwamba mshipa umeziba kabisa, kuna njia mbili za haraka. Ya kwanza ni dawa ya mshipani inayoyeyusha bonge la damu. Hufaa zaidi katika saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake huwa ndogo sana. Ya pili ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, kuufungua mshipa kwa kibofu kidogo, kisha kuacha hapo kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti. Njia hii inahitaji chumba maalumu na wataalamu, na hospitali zenye huduma hiyo nchini si nyingi. Kuna pia wagonjwa wanaohitaji upasuaji, ambapo mshipa hutolewa sehemu nyingine ya mwili, kama mguuni, ili kuipa damu njia mpya ya kupita.

Yule fundi wa mashua alifika wakati njia ya kwanza ilikuwa bado ina faida, lakini faida kubwa zaidi alikuwa ameiacha kitandani kwake saa nane za usiku.

Yanayojenga ugonjwa kimyakimya

Presha ya juu huchosha ukuta wa mishipa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Mkenya mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa kabisa. Presha haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi akilima, akivua na akicheza bao, bila kujua. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, anahitaji kuanza kutibiwa.

Kisukari huharibu mishipa midogo na mikubwa. Kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu, ndiyo inayojaa ndani ya ukuta wa mshipa. Sigara huukwaruza utando wa mshipa na kuifanya damu igande upesi. Habari njema ni kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha sigara, hatari ya ugonjwa huu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Miraa na muguka navyo huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha, na anayetafuna huku akivuta sigara anaupa moyo mzigo juu ya mzigo.

Kuna pia yasiyobadilika, kama vile umri na ukoo. Mtu ambaye baba au kaka yake alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yake kabla ya miaka 65, aanze kupimwa mapema. Wembamba wa mwili nao si kinga. Wako watu wembamba wenye presha na kolesteroli ya juu.

Chakula cha kwetu kinaweza kutibu au kuumiza

Hakuna anayehitaji kununua vyakula vya kigeni. Samaki wabichi, dagaa, kunde, mbaazi, pojo, mchicha, sukuma wiki, maembe na machungwa ni vyakula vizuri kwa moyo. Kinachoharibu mara nyingi ni kile kinachoongezwa jikoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni jumla ya chumvi yote, pamoja na iliyomo kwenye mkate, viungo vya pakiti vya mchuzi, krispi na ng'onda. Ng'onda alowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa. Chupa ya chumvi iondolewe mezani.

Mafuta mgando yapunguzwe, na mafuta ya maji yasikaangiwe viazi karai tena na tena mpaka yakawa meusi. Tui la nazi si haramu, lakini tui zito la kila siku, kwenye wali, samaki na maharagwe kwa mpigo, lina mafuta mengi yanayopandisha kolesteroli. Familia inaweza kutumia tui jepesi, au kuchagua chungu kimoja tu cha kutia nazi. Chai nayo haihitaji vijiko vinne vya sukari.

Kuhusu mazoezi, dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanza, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka, kulima na kuendesha baiskeli ni mazoezi. Aliyewahi kubanwa kifua amwone daktari kwanza.

Dawa si za siku ya maumivu tu

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Mtu hupewa dawa za presha, za kolesteroli na aspirini ya kila siku. Baada ya miezi mitatu anajisikia vizuri, anaona amepona, anaacha. Ukweli ni kwamba anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Hata aliyewekewa stenti hajapona ugonjwa, amefunguliwa sehemu moja tu ya mshipa. Akiacha dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari, hasa katika miezi ya mwanzo, stenti yenyewe inaweza kuziba.

Dawa ikimletea mgonjwa kikohozi, uchovu, maumivu ya misuli au kupungua nguvu za kiume, aseme kliniki. Ziko nyingine za kubadilisha. Kunyamaza na kuacha kimya ndiko kunakoua. Anayetumia pia mitishamba amwambie daktari bila kuona haya, kwa kuwa baadhi yake hugongana na dawa za hospitali. Na mwanamume aliyepewa dawa ya kuweka chini ya ulimi asitumie dawa za kuongeza nguvu za kiume. Mbili hizo zikikutana, presha huporomoka kiasi cha kuua.

Aspirini ya kila siku ni ya waliopewa na daktari. Asiye na ugonjwa huu asijianzishie, kwa sababu inaweza kumletea kutokwa na damu tumboni.

Baada ya mshtuko, wengi huingiwa na hofu na huzuni. Wanaogopa kutembea, kufanya kazi, hata kulala na wake au waume zao. Hayo yote huweza kurejea hatua kwa hatua kwa ushauri wa daktari. Familia isimfanye mgonjwa kuwa mzigo wa kukaa kibarazani. Imsindikize kutembea, na yote ipike chakula kimoja naye.

Pa kuanzia

Wahudumu wa afya ya jamii, waliozinduliwa na serikali nchini kote mwaka 2023, walipewa mikoba yenye mashine za presha na sukari. Wanapobisha hodi, wafunguliwe mlango. Asiyefikiwa aende zahanati iliyo karibu.

Kila mkaazi anahimizwa pia kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# au kupitia kwa mhudumu wa afya. Aliyejisajili hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Kwa kulazwa hospitalini, michango yake lazima iwe imelipwa, na siku ya kuilipa si ile ambayo kifua kimebana.

Wananchi, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apimwe presha na sukari. Kila nyumba iandike kwenye karatasi nambari ya dharura, nambari ya dereva anayekubali kuamshwa usiku na jina la hospitali yenye kipimo cha moyo, kisha ibandike karatasi hiyo nyuma ya mlango.

Na mke, mume au mtoto akisikia "ni asidi tu, kukikucha tutaona" kutoka kwa mtu mwenye kijasho na kifua kizito, asibishane naye. Aite gari.